Roboti Asiye wa Kiume Wala wa Kike

Chuma hakina jinsia. Hata hivyo, tangu roboti waanze kuonekana jukwaani na kwenye filamu, watu wamekuwa wakiwagawa mafungu mawili, la kiume na la kike, na watoto hupokea mgawo huo mapema kuliko wote kupitia katuni. Mtoto wa Katuba au Kamalondo hapa Lubumbashi, akikaa mbele ya televisheni au akiinamia simu ya mama yake saa umeme wa SNEL umekatika, huuliza swali lile lile: "Ile robot eko mwanaume ao mwanamuke?" Yaya wake au tantine hujibu bila kufikiri sana, na jibu halitoki kwenye chuma. Linatoka kwenye sauti, kwenye rangi, kwenye utepe wa kichwani, na zaidi ya yote kwenye kazi aliyopewa roboti huyo.

Ninaamini kwamba roboti ambaye jinsia yake imeachwa wazi humpa mtoto nafasi ambayo wahusika wengi wa katuni hawampi, na kwamba Kiswahili kinaweza kuilinda nafasi hiyo kuliko Kifaransa ambacho batoto wa mji huu hukisikia katika katuni zao. Lakini Kiswahili nacho kina mtego wake. Na mji wenyewe, uliojengwa juu ya shaba na mashine, una historia inayolifanya swali hili kuwa zito kuliko linavyoonekana.

Neno roboti tulipewa na Josef Čapek, mchoraji wa Prague, aliyemnong'oneza ndugu yake Karel alipokuwa akiandika tamthilia ya R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920. Humo mkurugenzi wa kiwanda anamwonyesha mgeni wake roboti wa kike anayeitwa Sulla na kumtaja mwingine anayeitwa Marius. Waliowapa majina walidhani Marius na Sulla walikuwa wapenzi. Kumbe walikuwa majemadari wawili wa Roma ya kale, wote wanaume, tena mahasimu. Mgeni anataka kujua kwa nini watengenezwe roboti wa kike ilhali hawazai wala hawapendi, naye anajibiwa kwamba wateja ndio wanaowataka: wamezoea kuona wanawake wakihudumu nyumbani, wakiuza dukani, wakiandika ofisini. Tangu siku ya kwanza, basi, jinsia ya roboti iliamuliwa na kazi na soko.

Katuni zilifuata njia hiyo hiyo. Katika The Jetsons ya mwaka 1962, mtumishi wa nyumbani Rosie alivishwa aproni, na hakuna mtoto aliyehitaji kuambiwa kwamba ni mwanamke. Katika filamu ya Transformers ya mwaka 1986, Arcee aliingia katikati ya kundi la mashine za vita akiwa na rangi ya waridi na kiuno chembamba. Wenzake hawakuwa na alama yoyote ya uanaume, ila kila mtu aliwaita wanaume kwa sababu hawakuwa na alama ya uanamke. Hii ndiyo kanuni iliyotawala katuni kwa miaka mingi: ukitaka roboti wa kiume, usiongeze kitu, ukitaka wa kike, ongeza utepe, kope ndefu, sketi, rangi.

Doraemon anaionyesha kanuni hiyo wazi kuliko wote. Paka huyu wa buluu, roboti kutoka karne ya 22, aliyebuniwa na Fujiko F. Fujio na kuanza kuchapishwa Japani mwaka 1969, ana kichwa cha mviringo, tumbo la mviringo na mikono isiyo na vidole. Hana chochote mwilini kinachosema mwanaume. Kuanzia mwaka 1979 hadi 2005 sauti yake ilikuwa ya mwanamke, Nobuyo Ōyama, na aliyempokea, Wasabi Mizuta, ni mwanamke pia. Bado anahesabiwa wa kiume. Lakini dada yake, Dorami, yeye amepewa rangi ya njano na utepe mkubwa mwekundu kichwani. Uondoe utepe huo, na watoto wengi watashindwa kusema nani ni kaka na nani ni dada. Atom, yule mtoto wa chuma wa Osamu Tezuka aliyeingia kwenye televisheni ya Japani mwaka 1963, naye alisemewa na mwanamke, Mari Shimizu. Sauti ya mwanamke mzima ikitumiwa kwa mtoto wa kiume wa katuni ni jambo la kawaida la kazi hiyo, na sikio la mtoto hulikubali bila shida. Hilo peke yake linatosha kuonyesha jinsi alama hizi zilivyo nyepesi.

Filamu ya WALL-E ya mwaka 2008 ilizigeuza alama hizo kwa namna ninayoipenda. EVE ni mweupe, laini kama ganda la yai, na ndiye mwenye silaha, ndiye anayeruka, ndiye aliyetumwa kazi kubwa. WALL-E ni mwoga, mchafu, mkusanyaji wa takataka anayependa filamu za mapenzi. Hakuna utepe wala sketi. Kinachowatofautisha kijinsia ni majina na sauti tu, na mtoto anaondoka na picha ya roboti wa kike anayeweza kulipua meli.

Ila aliyekwenda mbali kuliko wote ni BMO wa Adventure Time, mfululizo uliorushwa kuanzia mwaka 2010 hadi 2018. BMO ni kisanduku kidogo cha michezo ya kompyuta chenye miguu na mikono, uso wake ukiwa kwenye kioo cha skrini. Anaishi na wahusika wakuu, Finn na Jake, anawapigia picha, anawachezeshea michezo, anawalinda, anadeka. Sauti yake ni ya Niki Yang. Wenzake wakati fulani humwita kama mvulana, wakati mwingine kama binti, naye hajali. Katika kipindi kimoja cha mwaka 2012 BMO anajifungia bafuni na kuzungumza na sura yake kwenye kioo, aliyoipa jina Football, akiigiza jinsi mtoto wa binadamu anavyopiga mswaki na kufanya mambo ya kila siku. Anachotamani hapo si kuwa mvulana wala msichana. Anatamani kuwa mtu. Watoto wanalielewa hilo upesi, kwa sababu nao wako katika kazi hiyo hiyo, kujifunza kuwa watu kwa kuigiza mbele ya kioo.

Sasa mpeleke BMO kwenye Kifaransa. Mtu anayeingiza sauti za Kifaransa hana pa kujificha. Vivumishi, vitenzi vya wakati uliopita na viwakilishi mara nyingi vinamdai achague. Neno roboti lenyewe kwa Kifaransa ni la kiume, kwa hiyo usipochagua, lugha inakuchagulia mwanaume. Filamu ya mwaka 2024 inayomhusu Roz, roboti anayejikuta peke yake kisiwani na kumlea kifaranga wa bata bukini, inaitwa kwa Kifaransa Le Robot sauvage. Jina liko katika umbo la kiume, ilhali mhusika mwenyewe ni mama tangu katikati ya hadithi. Roz hana nywele, hana matiti, hana rangi ya waridi. Katika sauti ya asili anasemewa na Lupita Nyong'o, binti wa Kenya. Umama wake unatokana na alichokifanya: kulisha, kufundisha kuogelea, kufundisha kuruka, kukubali kuachwa.

Mtoto wa Lubumbashi akishaitazama filamu hiyo kwa Kifaransa, jioni anamsimulia bibi yake kwa Kiswahili cha hapa: "Alimulisha, alimukomalisha, alimufundisha kuruka." Katika maneno hayo matatu uamuzi wote ambao Kifaransa kililazimika kuufanya umeyeyuka. Bibi anaweza kuisikia hadithi nzima mpaka mwisho bila kujua kama mlezi huyo ni wa kike au wa kiume, na hadithi isipungukiwe kitu.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana ukilipima na utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1987. Judy DeLoache na wenzake waliwatazama akina mama wakiwasomea watoto wao vitabu vya picha vyenye wanyama wasio na jinsia yoyote iliyochorwa. Mara 95 katika kila 100, akina mama hao waliwaita wanyama hao wanaume. Hawakuwa wakitaka kufundisha chochote. Kiingereza kiliwadai kiwakilishi, wakatoa kile kilichokuwa karibu. Mama wa Kampemba anayesimulia kwa Kiswahili hadaiwi kiwakilishi hicho. Picha aliyoichora msanii bila jinsia inabaki bila jinsia kinywani mwake, na mtoto anayesikiliza, awe wa kike au wa kiume, anaweza kuingia ndani ya mhusika huyo moja kwa moja.

Huo ndio utajiri. Mtego uko upande wa pili. Kiswahili hakiulizi kama roboti ni mume au mke, lakini kinauliza jambo zito zaidi: je, ni kiumbe au ni kitu? Lazima uchague kati ya "roboti anasema" na "roboti inasema", kati ya "huyu" na "hii". Magazeti yetu ya Kiswahili hutumia zote mbili, wakati mwingine ndani ya habari moja. Kwa mashine ya kiwandani hilo halina madhara. Kwa mhusika wa katuni linaamua hadithi. Ukiandika "Roz inamlea kifaranga", umemfungia nje ya familia anayoijenga. Ukiandika "anamlea", umempa nafsi kabla hajaipigania, wakati filamu yenyewe inataka tuone safari kutoka hali moja hadi nyingine. Mwandishi makini wa maneno ya Kiswahili angeweza kuanza na "inatembea" pale roboti anapozinduka ufukweni, kisha siku ile anapompa kifaranga jina akaanza kusema "anatembea", bila kumweleza mtazamaji kitu. Kifaransa hakina uwezo huo. Sijaona bado kazi ya Kiswahili iliyoitumia nafasi hii kwa makusudi, na ni hasara.

Watoto wenyewe wako katikati ya jambo hilo. Mwaka 2012 Peter Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichapisha utafiti juu ya watoto 90, wa miaka 9, 12 na 15, waliocheza na roboti aitwaye Robovie hadi mtafiti alipokatiza mchezo na kumfungia roboti kabatini huku roboti akilalamika. Wengi wa watoto waliona kwamba Robovie ana akili na hisia na anaweza kuwa rafiki, na kwamba haikuwa haki kumfungia. Lakini walipoulizwa kama roboti anastahili uhuru wake au kama anaweza kuuzwa na kununuliwa, wengi walimrudisha kwenye upande wa vitu. Kwao roboti ni kitu kipya, nusu mtu nusu chombo, na jinsia yake ni moja tu ya mambo yasiyokaa sawa.

Wapo wanaosema kwamba mazungumzo haya yameletwa kutoka nje, kwamba Katanga haikuwahi kujiuliza juu ya miili isiyo wazi. Historia ya eneo hili inasema vingine. Wasongye, na Waluba jirani zao, wana kinyago cha kifwebe, ambacho mistari yake iliyochongwa usoni inajulikana na kila anayependa sanaa ya Kongo. Kifwebe cha kiume, kilume, kina ukingo mrefu uliosimama kuanzia paji la uso hadi utosini, na rangi kali. Kadiri ukingo unavyopanda, ndivyo nguvu zake zinavyozidi. Kifwebe cha kike, kikashi, huwa na weupe mwingi na paji la uso lisilo na ukingo, au lenye ukingo mdogo sana. Mtazamaji wa uwanjani alijua jinsia ya kinyago kwa kuutazama ukingo na rangi tu. Na chini ya vinyago vyote viwili alikuwamo mwanaume, kwa sababu chama cha bwadi bwa kifwebe ndicho kilichovivaa.

Tazama jinsi jambo hilo lilivyo karibu na Dorami na utepe wake. Alama moja kichwani, rangi moja, na mwili uliofichwa unasomwa kuwa wa kiume au wa kike. Tofauti ni kwamba wazee wa kifwebe walijua wanachokifanya. Alama zao zilikuwa za makusudi na zilifundishwa. Kampuni za katuni mara nyingi zimezirudia alama zao kwa mazoea.

Waluba walikwenda mbali zaidi. Mfalme wao alipofariki, roho yake iliweza kumshukia mwanamke, ambaye kuanzia hapo aliitwa mwadi, akarithi alama za ufalme na kuishi mahali alipokuwa akikaa mfalme huyo. Mwili wa mwanamke ukawa makao ya mfalme mwanaume, na watu walimheshimu kwa cheo hicho. Viti vya kifalme vya Waluba vinavyobebwa na sanamu ya mwanamke, vinavyoonyeshwa leo katika makumbusho nyingi za dunia, vinatoka katika fikra hiyo hiyo kwamba uwezo wa kubeba mamlaka umo katika mwili wa kike. Simtaji mwadi ili kusema kwamba alikuwa roboti. Nasema tu kwamba watu wa eneo hili walikuwa na namna ya kufikiri juu ya umbo moja lenye nafsi nyingine ndani yake, na hawakuhitaji katuni kuwafundisha.

Hata majina yetu yanasaidia. Pacha wa kwanza kuzaliwa kwa Waluba wa Katanga anaitwa Kyungu, wa pili Kabange, awe wa kiume au wa kike. Jina linasema nani alitangulia, basi. Na "yaya" wa Lubumbashi ni mkubwa wako, awe kaka au dada. Mtu anayetafuta namna ya kumwita roboti asiye na jinsia kwa Kiswahili cha mji huu hana haja ya kubuni maneno.

Kilichoyafunga mambo hapa ni kazi. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji ukaanzishwa mwaka 1910. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliamua kuwaweka wafanyakazi wake pamoja na familia zao kambini, na mgawo ukawa wazi: mume anakwenda kwenye tanuri, mashine na reli, mke anakwenda kwenye nyumba ya mafunzo ya akina mama kujifunza kushona, kupika na kulea. Wavulana walipelekwa shule za ufundi. Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi yake, ilirithi kambi hizo na mazoea hayo. Vizazi vitatu au vinne vimekua vikijua kwamba kinachotoa moshi na kelele ni cha baba. Ndiyo maana mtoto wa hapa akiona roboti mkubwa mwenye mabega, hahitaji kusubiri sauti yake. Ameshajibiwa na mji.

Lakini mji huo huo, pamoja na Kinshasa, ulipata roboti waliovunja jibu hilo. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na chama cha wahandisi wanawake, Women Technology, waliweka barabarani Kinshasa roboti wa kuongoza magari: mwili wa alumini, urefu unaompita mtu mrefu, paneli za jua, kamera, kifua kinachozunguka, mikono yenye taa nyekundu na kijani, na sauti ya kuwaambia waenda kwa miguu wavuke. Mwaka 2015 wakaongezwa wengine watatu walioitwa Tamuke, Mwaluke na Kisanga, kila mmoja kwa gharama ya dola 27,500. Lubumbashi nayo ilipata wa kwake. Kirongozi alieleza wazi kwamba kazi ile ilianza kama njia ya kuwapatia ajira wanawake wenye shahada za uhandisi.

Watu wengi walimtazama "robot roulage" na kumwona askari, na askari kwao ni mwanaume, ingawa wanawake nao wamo katika polisi wa barabarani. Wachache waliuliza ni nani aliyemuunda. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kazi imekwisha roboti akishaondolewa utepe. Roboti asiye na alama, akisimamishwa katika mji kama huu, husomwa kuwa mwanaume, kama akina mama wa Marekani walivyowasoma wanyama wa vitabuni. Friederike Eyssel na Frank Hegel wa Ujerumani walionyesha mwaka 2012 jinsi watu wanavyosoma kitu kidogo tu: roboti yule yule, akipewa nywele ndefu, watu walimwona anafaa zaidi kwa kulea na kuhudumia, akipewa nywele fupi, anafaa zaidi kwa kazi za ufundi. Nywele zile zilikuwa na kazi ndani ya vichwa vya watazamaji kabla ya roboti kufungua kinywa. Kwa hiyo uwazi wa jinsia hauna budi uende pamoja na uwazi wa kazi: roboti yule yule alee na atengeneze, aongoze na aombe msaada, aimbe na arekebishe tanuri. BMO anafaulu kwa sababu anafanya yote hayo, na angeshindwa kama angekuwa akipika tu au akipigana tu.

Wazazi wana hofu yao, na haistahili kudharauliwa. Baba mmoja anaweza kusema kwamba mtoto akilelewa na wahusika wasio wa kiume wala wa kike atachanganyikiwa juu ya mwili wake mwenyewe. Wachungaji wengi wa mji huu wangemuunga mkono. Jibu langu ni kwamba mtoto anajua tofauti kati ya roboti na nduguye. Anajua kwamba Doraemon si paka wa kweli na kwamba BMO anahitaji betri. Hajifunzi mwili wake kutoka kwao. Anaujua kwa mama, kwa baba, kwa yaya, kwa wenzake wa shule. Anachojifunza kwa roboti ni nani anaruhusiwa kuwa jasiri, nani anaruhusiwa kulia, nani anaruhusiwa kushika spana. Binti anayeambiwa kila siku kwamba mashine ni za kiume anapoteza kitu cha kweli, shahada ya ufundi ambayo hataijaribu. Hofu hiyo ya pili inanisumbua kuliko ya kwanza.

Kanda yetu imeanza kutengeneza roboti wake wa katuni. Super Sema, iliyobuniwa na kampuni ya Kukua na kuanza YouTube tarehe 8 Machi 2021, Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa watayarishaji wakuu, inamweka binti wa Kiafrika kuwa mhandisi anayekikomboa kijiji chake cha Dunia kwa sayansi, akisaidiwa na pacha wake MB. Adui ni Tobor, mtawala wa akili bandia mwenye jeshi la roboti. Nafurahi kwamba fundi ni msichana. Ningependa zaidi kama mashine nazo zisingebaki upande wa adui wa kiume peke yake. Mtoto anahitaji roboti wa kumpenda aliyeundwa kwa mikono ya binti kama Sema. Mjini Dar es Salaam, Ubongo imekuwa ikitengeneza Ubongo Kids kwa Kiswahili tangu mwaka 2014, kwa hiyo uwezo wa kuandika, kuchora na kusema kwa lugha yetu upo. Lusaka, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, ilitupa Supa Team 4 ya Malenga Mulendema mwaka 2023, yenye mabinti wanne wenye ujasiri. Kongo nayo ina Jean-Michel Kibushi, aliyeanzisha studio ya Malembe Maa mwaka 1988 na kutengeneza filamu za uhuishaji kutokana na hadithi za wazee. Lubumbashi ina wasanii, wahandisi na batoto wengi kuliko studio zake.

Kwa wale watakaoingiza sauti za Kiswahili katika katuni hizi, ombi langu ni la kitaalamu na ni dogo. Msimwite roboti "kaka" pale ambapo mtunzi hakumwita hivyo, kwa sababu tu Kifaransa kilichokuja katikati kilisema yeye ni wa kiume. Tafsirini kutoka kwa mhusika, si kutoka kwa kiwakilishi. Amueni mapema kama ni "anasema" au "inasema", na mkibadilisha, badilisheni pale hadithi inapobadilika. Mpeni sauti mtu yeyote anayeweza kuibeba, mwanamke au mwanaume, mkubwa au mtoto. Akihitaji jina la nyumbani, yuko Kyungu na yuko Kabange.

Nanyi wazazi, mtoto akiwauliza ile robot eko mwanaume ao mwanamuke, msikimbilie kujibu. Mwulizeni yeye anaonaje na kwa nini, kisha mwambieni kwamba roboti wa kuongoza magari katika nchi yetu waliundwa na wahandisi wanawake.